Saa ya Ngumi ni ya Nani?

Wengi wetu tukitazama ngumi za kulipwa huangalia nani kapiga na nani kaanguka. Wachache hujiuliza kwa nini pambano limewekwa saa hii na si nyingine. Jawabu la suali hilo lina mafunzo.

Tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipambana na George Foreman mjini Kinshasa. Serikali ya Mobutu ilisimamia malipo ya dola milioni 10, milioni tano kwa kila bondia. Uwanja ni wa Zaire, na waliojaa humo ni watu wa Zaire, lakini saa haikuwa yao. Ngumi zilianza kiasi cha saa kumi za usiku, kwani New York ilikuwa saa nne za usiku wa tarehe 29, na Wamarekani wamelipa viingilio katika kumbi zao kulitazama kwa njia ya setilaiti. Mwenye karamu alikeshа ili mgeni wa mbali ale kwa wakati wake.

Mwaka uliofuata, tarehe 1 Oktoba, Ali na Joe Frazier walipigana Ufilipino asubuhi, saa nne ikiwa imepita, ili Marekani iwe usiku. Joto la ukumbini lilikuwa kali. Baada ya raundi ya 14 mwalimu wa Frazier, Eddie Futch, alimzuia bondia wake asiendelee, maana macho yalikuwa yamefumba kwa uvimbe.

Mambo hayajabadilika. Tarehe 2 Mei 2015, huko Las Vegas, Floyd Mayweather na Manny Pacquiao walingojeshwa, si kwa maradhi wala mvua, bali kwa kuwa makampuni ya televisheni yalikuwa yangali yakishughulikia wanunuzi wa dakika za mwisho, waliolipa karibu dola 100 kwa nyumba. Basi saa ya ngumi ni ya mnunuzi. Si ya bondia, wala si ya mji unaopokea pambano.

Sasa tumfikirie mtazamaji wa Igamba, wilayani Mbozi, katika nchi ya kahawa. Mwaka 1974 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza mwaka 1994. Leo pambano kubwa la Jumamosi usiku kule Las Vegas humfikia yeye Jumapili, saa kumi na mbili au saa moja asubuhi. Ingekuwa hivyo tu, angelala akaamka. Lakini televisheni hutanguliza mapambano madogo, moja baada ya jingine, na saa ya lile kubwa haitajwi kwa hakika. Hapo ndipo penye hila, kwani asiyejua saa hathubutu kuondoka. Alfajiri humkuta macho mekundu, sala imempita au ameiswali akisinzia, na siku nzima imeharibika.

Hatusemi kwamba televisheni ni ubaya mtupu. Hayo mapambano ya utangulizi yamewafaa watu. Hassan Mwakinyo wa Tanga alijulikana duniani tarehe 8 Septemba 2018, alipomshinda Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, usiku ambao pambano kuu lilikuwa la Amir Khan. Bila ya kamera, nani angalimjua?

Tunalolilaumu ni mtu kuitoa saa yake bure kwa mfanyabiashara asiyemjua, ambaye hakumhesabu alipokuwa akipanga. Ngumi hurudiwa kuonyeshwa mchana, na mshindi habadiliki kwa sisi kukesha. Yatupasa wazee tuwaeleze vijana wetu hesabu hii kwa upole, bila ya ukali: wakitaka kutazama, watazame kwa saa waliyoichagua wao. Asiyeupanga usiku wake, wengine humpangia.