Shahidi wa Mti

Aprili 1996, mjini East London, Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilianza kuwasikiliza hadharani watu walioumizwa wakati wa ubaguzi wa rangi. Wajane, wazazi waliopotelewa na watoto, watu walioteswa, kila mmoja alisema kwa lugha yake na wakalimani wakafasiri papo hapo. Wakalimani wale walisema kwa nafsi ya kwanza. Mama akieleza alivyouona mwili wa mwanawe, mkalimani hasemi "anasema aliuona". Husema "niliuona", kana kwamba mtoto ni wake.

Mwaka uliofuata mwandishi Jane Taylor, mchoraji na mwongozaji William Kentridge na kundi la vikaragosi la Handspring walitengeneza tamthilia ya Ubu and the Truth Commission. Swali gumu lilikuwa nani aigize mashahidi. Maneno yalitoka kwenye kumbukumbu za Tume yenyewe, na waliokuwa wameyasema walikuwa bado hai. Mwigizaji akilia kwa ustadi, sifa zinamwendea yeye. Akilia ovyo, amewatukana wafiwa. Basi mashahidi wakapewa miili ya mti. Pa Ubu, mtu wa kikosi cha mauaji anayetoka usiku na kurudi alfajiri, pamoja na mkewe Ma Ubu, wakaachiwa watu wa nyama na damu. Jina Ubu lilitokana na mfalme mlafi wa Alfred Jarry, aliyepanda jukwaani Paris mwaka 1896.

Kwetu tumezoea kinyume chake. Kipindi cha runinga cha Kenya, The XYZ Show, kilichoanza 2009 kwa wazo la mchora katuni Gado, kiliwageuza wakubwa kuwa vikaragosi vya mpira, pua na mashavu yakavutwa, nasi tukacheka. Kikaragosi cha mpira humshusha aliye juu. Hiki cha mti kilichongwa kwa kazi nyingine kabisa, na mchongaji wake Adrian Kohler alijua hivyo tangu patasi ya kwanza.

Tazama uso. Haukulainishwa kwa msasa. Alama za patasi zimeachwa zionekane. Midomo haifunguki. Lakini kichwa kikiinama kidogo tu, taa ya pembeni inasogeza kivuli ndani ya zile alama, na mtazamaji anaapa kwamba uso umebadilika. Kila shahidi ana wachezeshaji wawili, na hawajifichi: hawana kitambaa cheusi usoni wala pazia. Wanakitazama kikaragosi, hawatutazami sisi, na macho yetu yanafuata yao. Halafu kuna pumzi. Handspring hufundisha kwamba kikaragosi huanza kuishi kwa kupumua, kabla hakijainua mkono. Mchezeshaji akisahau pumzi, hata uso uliochongwa vizuri namna gani unarudi kuwa kipande cha mti. Hii ni kazi ya misuli, na haimvumilii mtu mvivu.

Shahidi anasema kwa lugha yake ya Kiafrika, na mkalimani anafasiri kwa Kiingereza akiwa ndani ya kibanda cha kioo. Kibanda hichohicho ndicho shawa ya Pa Ubu, anamojisugua akitoka kwenye kazi zake za usiku. Hakuna mhusika anayetueleza uhusiano huo, na hakuna haja.

Nyuma yao, kwenye skrini, kuna uhuishaji wa Kentridge. Filamu zake za awali alizitengeneza kwa makaa: anachora, anapiga picha, anafuta sehemu ndogo, anachora tena juu ya karatasi ileile. Kilichofutwa hakitoki chote. Kila kitu kinachosogea kinaacha kivuli cha mahali kilipokuwa. Kwa Ubu aligeuza, akachora kwa chaki nyeupe juu ya weusi, akachanganya na filamu halisi za kumbukumbu, zikiwamo za maandamano ya wanafunzi wa Soweto mwaka 1976. Kamera inatembea kwa miguu yake mitatu kama mdudu. Kichwa cha nguruwe kilichovishwa vipokea sauti kinalipuka. Hilo la nguruwe si ndoto ya msanii: bomu lililotegwa kwenye vipokea sauti vya redio ndogo ya kaseti, lililomuua wakili Bheki Mlangeni mwaka 1991, lilijaribiwa kwanza kwa kichwa cha nguruwe.

Wanyama nao wamo. Niles, mamba mwenye tumbo la begi, humeza nyaraka ambazo Pa Ubu anataka zipotee. Yupo pia tumbusi wa mitambo anayetoa semi zake, na kwangu huyu ni kiungo kilichozidi. Lakini mbwa Brutus! Vichwa vitatu, cha mwanasiasa, cha jenerali na cha askari wa chini, vyote vimeshikana kwenye sanduku moja. Mahakama inavihukumu kila kimoja kivyake, na mzigo mzito unakiangukia cha askari: miaka 212. Watazamaji wa nchi ile hawakuhitaji maelezo. Oktoba 1996 Eugene de Kock, kamanda wa kikosi cha mauaji cha polisi cha Vlakplaas, alikuwa amehukumiwa vifungo viwili vya maisha na miaka 212 juu yake, huku waliomtuma wakiwa majumbani kwao.

Kama ningetakiwa kuchagua onyesho moja la kuwafundishia wanaotumia vikaragosi kuhubiri afya au amani vijijini, ningechagua la kiduka. Pa Ubu amekaa mezani kwake. Kikaragosi cha mwenye duka kinapanga bidhaa juu ya meza ileile, polepole, moja moja. Pa Ubu ananyoosha mkono, anachukua, anakula. Mwenye duka anaona vitu vyake vinapungua lakini mwizi hamwoni, naye mwizi hana habari kwamba anamwibia mtu. Kikaragosi hakilalamiki wala hakitoi funzo. Kinaendelea kupanga.

Mwishoni Pa Ubu na mkewe wanapanda chombo na kwenda zao baharini.