Pambo la Anayebisha Hodi

Kati ya hodi ya kwanza na "karibu" kuna muda mfupi ambao mgeni hana la kufanya ila kuutazama mlango. Shada la riboni linalotundikwa mlangoni wakati wa Krismasi ni la muda huo. Mti wa Krismasi, taa za kumetameta na puto ni vya waliomo ndani. Shada humgeuzia mwenye nyumba mgongo, likampa mgeni uso. Ndiyo maana kwangu kulitengeneza ni kazi ya adabu kwanza, urembo baadaye.

Watu wa kaskazini mwa Ulaya waliozoea desturi hii ya kutundika shada mlangoni hukunja matawi ya misonobari kwa sababu Desemba yao ni ya baridi na miti mingi imepukutisha majani, hivyo kijani kinachobaki kina thamani. Kwetu pwani mambo ni kinyume. Desemba mikrismasi imejaa maua mekundu kando ya barabara, na tawi la mvinje halimsumbui mtu kulipata. Lakini litundike mlangoni, jua lilipige siku chache, na linalobaki ni la kufagiliwa. Riboni haina cha kukauka.

Lipo pia suala la majirani. Wengi wetu tumezoea kuliona shada juu ya jeneza, au likiwekwa na viongozi kwenye mnara wa mashujaa, kwa hiyo duara la maua meupe mlangoni linaweza kumleta mtu akiuliza msiba ni wa nani. Dawa yake ni rangi. Nyekundu iliyokolea, dhahabu, kijani cha jani la mwembe: hapo hakuna atakayekuja na pole.

Ringi ya shada naitengeneza kwa chelewa, zile zile za ufagio. Unachukua konzi moja, unaziloweka zilainike, unazikunja polepole na kuzifunga kwa uzi kila baada ya vidole vinne. Waya wa kufungia nondo nao unafaa, ila ukiwa mtupu mafundo huteleza. Uzungushie kitambaa kwanza. Roli ya riboni ya satini mara nyingi huwa na yadi 25, yaani karibu mita 23. Ukikata vipande vya sentimita 20, ambavyo ni kama shibiri ya mtu mzima, unapata 114. Kila kipande kinazungushwa kwenye ringi na kufungwa fundo moja, basi. Mtoto wa darasa la pili analiweza.

Ugumu uko kwenye kusukuma. Kila baada ya mafundo kumi hivi unayabana kwa kidole gumba mpaka yasiwe na pa kwenda, na ncha zao, zikikosa nafasi ya kulala, zinasimama. Unene wote wa shada unatoka hapo. Anayeona uvivu kubana humaliza mapema, na shada lake lina mapengo ambayo hakuna kengele wala ua la plastiki litakaloyaficha. Sijaona kazi nyingine ya mikono inayodai kipaji kidogo hivi na subira nyingi hivi.

Ncha za satini hufumuka, kwa hiyo hupitishwa haraka kando ya mwali wa mshumaa. Satini hii ya poliesta inayeyuka kidogo na kujifunga. Hariri haikuwa na njia hii ya mkato, na riboni ya hariri ilikuwa jambo zito. Mji wa Coventry, Uingereza, ulikuwa na maelfu ya watu walioishi kwa kuifuma. Mwaka 1860 mkataba wa biashara na Ufaransa uliondoa ushuru, riboni za Kifaransa zikafurika sokoni, na maelfu wakauhama mji kutafuta riziki. Leo riboni tunaikata vipande na kuzitupa ncha zake bila kuwaza.

Asiyetaka kununua aende kwa fundi cherehani, aombe mabaki ya kitenge. Pamba haiyeyuki, inaungua, kwa hiyo mshumaa uuweke mbali na uziache nyuzi zitoke, zinapendeza. Kanga sikati. Na mlango wa nakshi wa Zanzibar usitundikiwe kitu, maana aliyeuchonga alishamaliza kazi.

Nyumba zetu nyingi za mjini zina grili mbele ya mlango wa mbao, na hapo ndipo pa kulifunga shada, kwa waya mahali pawili, juu na chini, upepo wa kaskazi usilizungushe. Lakini joto la Desemba huuacha mlango wa mbao wazi kutwa, grili peke yake ikiwa imefungwa, na waliokaa sebuleni wanautazama ule mgongo niliousifu mwanzoni, wenye chelewa na uzi. Kwa hiyo kila fundo la tatu nalifunga kwa nyuma. Roli moja haitoshi tena, nanunua mbili.