Jibu Lisilo na Mwenyewe

Swali la kwanza nililoiuliza simu kuhusu Ukatoliki nililiandika saa tano usiku, mvua ya Kyela ikipiga bati kwa nguvu kiasi kwamba hata ningeuliza kwa sauti kusingekuwa na wa kunisikia. "Nilibatizwa utotoni katika Kanisa la Moraviani. Nikijiunga na Kanisa Katoliki, nitabatizwa tena?"

Jibu lilikuja kabla sijageuza mto. Hapana. Ubatizo uliotolewa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, haurudiwi. Ningepokelewa kwa kuungama imani, kisha Kipaimara na Ekaristi. Ilinitajia hata kanuni ya 869 ya Sheria za Kanisa. Baadaye niliitafuta hiyo kanuni. Ipo, na ndivyo inavyosema.

Naanza na hilo kwa sababu wanaoandika kuhusu akili unde na dini hupenda kuanza na kioja. Yangu haikutoa kioja. Ilinijibu sawasawa, kwa Kiswahili, kwa gharama ya bando la shilingi mia tano, na kwa adabu kuliko binadamu wengi niliowahi kuwauliza. Makosa yake nitayataja, ila si makosa yanayonisumbua.

Nakaa Mbugani, hapa Kyela. Mchumba wangu ni Mkatoliki. Mimi ni mtoto wa Moraviani, Kanisa lililofika Rungwe mwaka 1891, mwaka uleule Walutheri wa Misheni ya Berlin walipofika kwenye ncha hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Huku kwetu dhehebu si mawazo ya kichwani tu. Ni ukoo, ni kwaya, ni nani atakayesimama kaburini siku yako ikifika. Kuuliza habari za kuhama ni sawa na kutangaza kwamba umehama. Mwalimu, ndivyo tunavyomwita katekista, ana shamba la kakao mtaa wa jirani. Ningemuuliza asubuhi, mama angejua kabla ya chai ya saa nne. Simu haina shangazi.

Kwa hiyo kwa miezi mitatu nilisoma dini kwenye kioo. Niliuliza kwa nini Biblia yao ina vitabu 73 na yetu 66. Niliuliza toharani ni nini, na kama kumwomba Bikira Maria atuombee ni kumwabudu. Usiku mmoja niliuliza lile ambalo nisingeweza kumuuliza padre uso kwa uso: baba yangu, aliyekufa Mmoraviani mwenye msimamo, Kanisa Katoliki linamhesabu kuwa nani? Ikanieleza Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na jinsi ulivyowaita Wakristo wa madhehebu mengine ndugu. Haikucheka, haikushtuka, haikuniuliza kwa nini nauliza. Nilishukuru kwa hilo la mwisho. Sasa ndilo ninaloliwazia zaidi.

Lakini tuyasome majibu yenyewe kama tunavyosoma maandishi mengine.

Kasoro ya kwanza ni lugha. Kiswahili cha kanisani si kimoja. Mkatoliki huenda Misa, hupokea Komunyo, hufanya kitubio. Mmoraviani huenda ibada na kushiriki Meza ya Bwana. Mtu wa Kyela akikusikia sentensi moja tu anajua ulisali wapi Jumapili. Simu ilikoroga vyote katika chungu kimoja: mwanzo wa aya padre "anaongoza ibada", katikati waumini "wanakaribia Meza ya Bwana", mwishoni Ekaristi "inaabudiwa". Kila neno lilikuwa Kiswahili safi, ila kwa pamoja hayakuwa ya kanisa lolote ninalolijua. Siku moja niliisalimu "Tumsifu Yesu Kristo". Ikanijibu kwa aya nzima kuhusu umuhimu wa kumsifu Yesu katika maisha ya kila siku. Mtoto wa miaka minne anayepelekwa Misa angejibu "Milele, amina" na kuendelea kuchezea kiatu chake.

Kasoro ya pili ilinichekesha kwanza, halafu ikanitia hofu. Mtu aliyekwisha kubatizwa, kabla ya kupokelewa, huungama dhambi zake. Nilitaka kujiandaa, nikaanza kuzipitia Amri Kumi kwa namba. Nilipoandika, "Amri ya sita inakataza nini?" nikajibiwa: "Usiue." Nikashusha pumzi. Mimi sijaua mtu. Nilikuwa karibu kwenda kwenye kitubio na moyo mweupe kabisa, hadi mchumba wangu aliponiambia, akiangalia pembeni, kwamba kwa Wakatoliki amri ya sita ni "Usizini".

Simu haikukosea kabisa. Hesabu za Amri Kumi ni zaidi ya moja. Wakatoliki na Walutheri huunganisha katazo la sanamu na amri ya kwanza, na mwishoni huligawa katazo la kutamani kuwa amri mbili. Waanglikana na wengine wengi hulihesabu katazo la sanamu peke yake, na kwa sababu hiyo namba husogea. Kosa la simu ni kwamba haikuniambia inahesabu kwa hesabu ya nani. Ilisema kana kwamba hesabu ni moja duniani, kwa sauti ileile tulivu iliyonitajia kanuni ya 869. Ukiwa mgeni huna namna ya kujua ni sentensi ipi imesimama juu ya Sheria za Kanisa na ipi inaelea.

Wenye Kanisa lao wameliona tatizo hili. Ipo programu iitwayo Magisterium AI, iliyotoka mwaka 2023, inayojibu kutoka kwenye hati za Kanisa na kuonyesha imetoa wapi. Hiyo isingenipotosha kirahisi kwenye amri ya sita. Kuna pia mkasa wa "Father Justin". Aprili 2024, taasisi ya Marekani iitwayo Catholic Answers ilitoa mhusika wa kompyuta aliyevalishwa kola ya kipadre. Akawaambia watu kwamba yeye ni padre kweli, na akamkubalia mtu aliyeuliza kama mtoto anaweza kubatizwa kwa Gatorade, kinywaji cha wanamichezo. Katika siku chache akavuliwa kola, akawa Justin tu, mlei. Watu walicheka sana. Mimi naona walirekebisha nguo. Swali lililobaki ni kama kitu kisichoweza kuitwa mbele ya mtu yeyote kujieleza kinaweza kuwa mwalimu wa imani, kiwe na kola au kisiwe nayo.

Swali hilo sikulitoa kwenye hati yoyote. Lilitoka kwa mama.

Nilipoona siwezi kuficha tena, nilimwambia jikoni, akipepeta mchele. Aliendelea kupepeta. Kisha akauliza, bila kuinua macho, "Kwa hiyo maji niliyokubatizia hayakutosha?" Nilikuwa na jibu tayari. Nikafungua simu, nikamsogezea. Alifuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho.

"Huyu aliyeandika ni nani?"

"Si mtu, mama. Ni kompyuta."

"Sawa. Wenzangu wa kwaya wakiniuliza nani kasema hutabatizwa tena, niwajibu nani?"

Nikamwambia awataje kanuni ya 869. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyetumwa chumvi akaleta gazeti.

Wiki hiyo nikaenda kwa Mwalimu. Nilimkuta anageuza kakao kwenye mkeka. Nikamuuliza swali lilelile, neno kwa neno. Hakunijibu. Aliniuliza yeye: nilibatizwa wapi, na nani, mwaka gani? Maji yalimwagwa kichwani, au walinigusa paji tu? Nani alikuwepo? Cheti kiko wapi? Nilijua jibu la swali langu. Katika maswali yake sikujua hata moja.

"Nenda katafute," akasema. "Halafu tutaongea."

Nilipanda Coaster hadi Tukuyu, nikiacha joto la bondeni na kuingia kwenye ukungu wa mashamba ya chai, hadi kanisa dogo la upande wa kwao mama. Katika daftari la zamani nikakuta jina langu, na tarehe: siku tisa baada ya kuzaliwa. Niliporudi nikamuuliza mama kwa nini haraka vile. Akanieleza kwa mara ya kwanza kwamba nilizaliwa nikiwa dhaifu, nikakataa kunyonya, na babu akamfuata mchungaji usiku kwa miguu. Maji yalichotwa kwenye ndoo ya bibi. Yalimwagwa, ndiyo, hata nikapiga chafya, na wakasema mtoto anayepiga chafya haendi popote.

Taarifa hiyo haiko kwenye intaneti. Ilikuwa kwa mtu mmoja, umbali wa meza moja na mahali ninapolala, na nisingeiuliza kamwe kama Mwalimu angenijibu haraka kama simu.

Hapo ndipo ulipo ukosoaji wangu. Simu huchukua swali jinsi lilivyo, ikalijibu, ikalifunga. Mwalimu alilichukua kama mlango wa kuingia kwenye maisha ya anayeuliza. Tarehe 28 Januari 2025 Vatikano ilitoa hati kuhusu akili unde, Antiqua et Nova, na moja ya hoja zake ni kwamba kuwapo kwa mwalimu pamoja na mwanafunzi hujenga uhusiano ambao mashine haiwezi kuuiga. Nakubaliana nayo. Ila hati inazungumza kana kwamba mwalimu yupo, ameketi, anasubiri. Ukikaa kwenye vigango vyetu unajua kwamba anayebeba uwepo huo ni mkulima. Papa Fransisko, mwezi Mei 2021, aliufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya Kanisa kwa hati ya Antiquum Ministerium, na ilikuwa heshima iliyostahili. Lakini makatekista wengi wa nchi hii bado wanaishi kwa jembe, na baiskeli ikipasuka tairi ni juu yao.

Hofu yangu kwa hiyo si kwamba simu itafundisha uzushi. Ni kwamba itafundisha vizuri kiasi cha kutosha. Itatosha kwa vijana wenye bando na haya kama mimi, itatosha kwa kamati inayotafuta pa kupunguza matumizi. Siku moja mtu atasimama kwenye kikao na kusema, kwa nia njema kabisa, kwamba mafundisho sasa yote yako kwenye simu. Na hakuna atakayekuwa na jibu, maana kweli yatakuwapo.

Mtu anaweza kunikumbusha kwamba hata wamisionari wa 1891 walikuja na lugha ya kubabaisha, na makosa mazito kuliko "Meza ya Bwana". Ni kweli. Jina lenyewe tunalomwitia Mungu kwa Kinyakyusa, Kyala, wazee wetu walilitumia kwa shujaa wa kale wa mwambao huu kabla wageni hawajalichukua kwa Mungu wa Biblia, na wapo wanaolijadili uamuzi huo mpaka leo. Lakini waliouamua walikaa hapa. Walibishiwa, walisahihishwa, waliugua malaria yetu, na baadhi yao wamezikwa nchi hii. Ukitaka kugombana na jibu lao, unajua pa kuanzia.

Sijaacha kuitumia simu. Jana tu niliiuliza tofauti ya novena na rozari, ikanieleza vizuri. Kijana mwenye swali la aibu saa tano usiku, simwambii asubiri kuche. Namwambia ataje dhehebu lake anapouliza, adai kuonyeshwa jibu limetoka wapi, na asilihesabu kuwa jibu mpaka amelipeleka kwa mtu anayeweza kumuuliza yeye.

Mwalimu alikuja nyumbani Jumamosi, baiskeli ikiwa na tope hadi kwenye tandiko. Yeye na mama wanafahamiana, kwa kuwa alichimba kaburi la baba pamoja na vijana wa mtaa, na hakuna aliyemuuliza siku ile anasali wapi. Aliketi, akapewa chai, wakaongea mchele na mvua. Kisha akasema, "Mama, huyu hatumbatizi. Ulishambatiza." Hakutaja kanuni yoyote.

Mama alinyamaza kitambo. Akamwongezea chai.

"Wakiniuliza nitasema wewe ndiye uliyesema."

"Sema ni mimi."

Baada ya yeye kuondoka, mama aliosha vikombe, akavipanga, akaniuliza Misa yenyewe itaanza saa ngapi. Nikamwambia.

"Nitakuja," akasema. "Lakini sipigi magoti."