Walichomea Kuni Gani?

Kalinzi mtoto hulijua tanuri kabla hajajua kusoma. Huko kwenye vilima vya kahawa matofali mabichi hupangwa, huachiwa midomo chini ya kuingizia magogo, hukandikwa udongo kwa nje, kisha moto huwashwa na watu hukesha. Tofali lililoiva ukiligonga hulia. Lisiloiva hunyamaza. Baba yangu, fundi mwashi, hakuhitaji kipimo kingine.

Basi safari ilipoanzia stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, ikaishia Mombasa kwenye Ngome ya Yesu, wenzangu waliikimbilia mizinga. Mimi niligonga ukuta.

Historia yake inasimulika upesi. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, Mtaliano wa Milano. Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakaitwaa. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. (Neno letu “gereza” tulilipata kwa Wareno hao hao, na kwao lilikuwa kanisa. Acheke anayetaka.) Sasa ni makumbusho, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Turudi ukutani. Handaki limekatwa ndani ya mwamba wa matumbawe, na juu ya mwamba huo huo yakaakwa mawe ya matumbawe kwa chokaa. Kuaka ni kujenga kwa mawe. Ndiko alikotoka mwashi. Kitenzi hiki tumekiacha kife, nami nakisikitikia. Nilipita nikitafuta mahali mwamba unapokoma na kazi ya mikono inapoanzia, na mara mbili nilikosea. Sijui nakshi yoyote inayompa fundi sifa kama ile.

Na chokaa yenyewe ni jiwe lile lile. Kwa desturi ya pwani, magogo hupangwa duara, vipande vya matumbawe hupandishwa juu, moto hutiwa hadi jiwe liwe jeupe na jepesi, kisha huachwa nje linywe mvua na umande, lilale miezi. Mwenye haraka huumbuka baadaye, lipu ikianza kutoa vidonda. Jiwe, basi, hushikwa na jiwe mwenziwe aliyepita motoni. Sisi wa bara tulizoea kushika tofali kwa udongo, ambao masika huudai, au kwa saruji, ngumu lakini haina subira: nyumba ikijinyoosha kidogo tu, inapasuka. Chokaa hupumua. Hunywa unyevu wa bahari na kuutoa tena.

Katika lipu ya ngome ile walinzi wa Kireno walichora merikebu, kwa mkaa na udongo mwekundu. Watu waliokumbuka kwao, nadhani. Michoro ile imetufikia kwa sababu kuna mtu aliyeikoroga lipu vizuri, na jina lake halimo popote. La Cairati limo. Wapo watakaoniuliza nawezaje kusifu nyumba ya mabavu. Nasifu mkono, na mkono ule haukuulizwa ngome ni ya nini. Mreno aliondoka, Mwomani akaondoka, Mwingereza na wafungwa wake wakaondoka, na ukuta ukamtii kila aliyeshika funguo.

Niliporudi Kalinzi nilimwonyesha baba picha kwenye simu. Sikuwa nimemaliza habari za kuzingirwa alipoinyakua, akaikuza picha kwa vidole viwili, akawa anafuata maungio ya mawe polepole kama anayesoma barua.

“Hii chokaa,” akasema, “walichomea kuni gani?”

“Sikuuliza, baba.”

“Basi hujafika,” akasema, na simu hakunirudishia.