Usukani Uliokaa Upande

Volkswagen ya mwisho wa miaka ya 60, ile yenye mgongo wa mviringo, imeegeshwa kwenye ua mmoja wa mtaa wa Kinindo, Burundi. Mwenye gari analalamika: gari linakwenda moja kwa moja, lakini usukani umeinama kulia. Kuna mafundi ambao wangeung'oa, wakauhamisha meno mawili matatu kwenye shafti, wakachukua chao. Huyu aliyeitwa kutoka mtaa wa Buyenzi anataka kwanza barabara tambarare. Ana haki. Burundi watu huendesha upande wa kulia, na barabara ikiinuka katikati ili kumwaga maji, gari huvutwa pembeni na dereva hulirudisha bila kujua. Ukiupima usukani hapo, utausingizia.

Wakirudi kutoka barabarani anapiga jeki magurudumu ya mbele. Anabandika utepe juu ya usukani, anaupeleka kushoto hadi mwisho, kisha anahesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia. Nusu yake ndiyo katikati, au karibu na hapo. Kinachobaki anakitafuta kwa vidole, maana boksi la usukani la gari hili limeundwa libane zaidi pale kati, ambako safari nyingi hupita, na lilegee kuelekea pembeni. Anaupeleka huku na huku, kidogo kidogo, mpaka mkono uuone ule mkazo. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Ukiuhamisha usukani tu, utanyooka kwa macho huku boksi likifanya kazi kwenye ulegevu wake. Gari litayumba, na kona ya upande mmoja itakatika vizuri kuliko ya upande wa pili.

Boksi likishatulia kati, anahamia kwenye tairodi, vile vyuma vinavyoyageuza magurudumu, ili kuyanyoosha. Anachofupisha huku anakirefusha kule, matairi yasibadili yanavyotazamana.

Ndipo zamu ya usukani wenyewe. Anachomoa betri iliyo chini ya kiti cha nyuma, mtaa usije ukapigiwa honi, anabandua kifuniko, anatoa waya. Nati ya 27 anailegeza lakini haitoi: usukani ulioganda miaka hamsini ukiachia ghafla, huja na meno ya mtu. Anatia alama, anadondosha mafuta, anangoja. Kisha viganja nyuma ya usukani, vuta kushoto, vuta kulia, mpaka uachie; ndipo nati inatoka. Nyundo ipo karibu, haiguswi, kwani pigo kwenye ncha ya shafti lingeshuka hadi kwenye boksi alilotoka kulipima.

Kuurudisha kuna hesabu yake. Shafti ikiwa na meno 36, kila jino ni digrii 10. Upungufu mdogo kuliko huo humalizwa na tairodi. Kijiti cha indiketa lazima kiwe kati, la sivyo kidude kinachokirudisha huvunjika.

Nati inakazwa, wanatoka tena. Anakata kulia, anakata kushoto, anasikiliza kama indiketa inajizima sawasawa pande zote mbili. Ikikawia upande mmoja, usukani unatoka upya.