Uwanja Mmoja, Mitazamo Miwili: Uhakiki wa Michoro ya Piranesi ya Uwanja wa Mtakatifu Petro

Katika sebule nyingi za Wakatoliki wa Kilema na Kibosho, juu ya mji wa Moshi, Uwanja wa Mtakatifu Petro huonekana katika kalenda za ukutani ukiwa umejaa waumini pomoni. Aliyezoea picha hiyo hushangazwa na michoro ya Giovanni Battista Piranesi (1720–1778), ambamo uwanja huohuo ni mpana, na watu ni wadogo mno. Uhakiki huu unachunguza michoro miwili kutoka katika mfululizo wake wa mandhari za Roma, na unadai kuwa tofauti yake kubwa imo katika mahali anaposimamishwa mtazamaji.

Katika mchoro wa kwanza, wa mwaka 1748 hivi, tunasimama karibu na ardhi. Magari ya farasi yanaonekana, na mtu bado ana kimo, japo kidogo. Katika ule wa miaka ya 1770 tumepandishwa angani kama ndege. Safu zilizopinda za Bernini, zenye nguzo 284, zinaukumbatia uwanja, nao watu wamebaki vitone vya wino. Wahakiki wanaomsifu Piranesi kwa utukufu wa majengo yake (sifa anayostahili) hawapaswi kupita haraka juu ya vitone hivyo, kwani utukufu huo umepatikana kwa kumpunguza binadamu.

Inaweza kupingwa kuwa picha ya kalenda nayo aghalabu hupigwa kutoka juu. Ni kweli. Hata hivyo, humo watu hudhihirisha ukubwa wa uwanja kwa kuujaza. Kwa Piranesi huudhihirisha kwa kupotea ndani yake. Ikumbukwe pia kwamba bamba moja la shaba, lililochorwa kwa sindano na kuliwa na asidi, lilitoa nakala nyingi, na wanunuzi wake wengi walikuwa wasafiri wenye uwezo.

Kati ya vyote vilivyochorwa, kinachofaa zaidi kupimia kutia chumvi huko ni ule mnara wa jiwe moja ulio katikati. Ulichongwa Misri, ukaletwa Roma enzi za Kaisari Caligula, na mwaka 1586 Domenico Fontana akauhamishia hapo kwa amri ya Papa Sixtus V. Kimo chake, bila kitako, ni mita 25 hivi. Mtafiti anayetaka kujua Piranesi amewafupisha watu kwa kiasi gani aanzie kwenye jiwe hilo la Afrika, kisha ashuke chini yake.