Bomba Lililobanwa Ncha Zote

Mwaka 1954 Mmarekani Louis Coffin alichapisha jaribio ambalo mpaka leo nalitazama kwa heshima. Alichukua bomba jembamba la chuma cha pua (stenlesi) aina ya 347, akalibana ncha zote mbili kwenye fremu nzito isiyosogea. Akapitisha umeme katika chuma chenyewe kikapata joto, akakipoza kwa gesi, akarudia tena na tena. Hakuna mashine iliyovuta wala kukandamiza. Bomba lilitaka kurefuka, fremu ikakataa. Lilipotaka kufupika, ikakataa vilevile. Katika kukataliwa huko ufa ukazaliwa.

Coffin alikijua vyema chuma alichokishika. Stenlesi ya jamii ya osteniti, ile ya masinki na matangi ya maziwa, hutanuka sana: mita 1 ikiongezewa nyuzi joto 100 hurefuka takriban milimita 1.7, ilhali chuma cha kawaida hurefuka 1.2 hivi. Tena haipitishi joto upesi, kwa hiyo uso huwahi kutanuka huku ndani bado baridi.

Hilo si jambo la maabara tu: Mei 1998, katika kinu cha nyuklia cha Civaux, Ufaransa, kiwiko cha bomba la stenlesi kilipasuka na kuvujisha maji mita za ujazo 30 kwa saa. Kinu kilikuwa kipya. Maji ya moto na ya baridi yalikuwa yakichanganyika hapo, na joto la ukuta wa bomba likapanda na kushuka bila kutulia.

Ndiyo maana nawastahi mafundi wa maabara wanaozichunguza nyufa za namna hii kwa kuivuta sampuli ya chuma tena na tena hadi ivunjike. Sampuli ikitoka kwenye mashine ya kukereza hubaki na mikwaruzo inayoizunguka, na ufa hupenda kuanzia humo. Fundi huisugua kwa msasa, mkali kwanza, kisha laini, na laini zaidi, hadi mistari yote ilale kufuata upande wa mvuto. Kazi hii haiharakishwi.

Sampuli ikishavunjika, fundi huusoma uso uliovunjika kwa hadubini ya elektroni. Huona matuta kama ya shamba la viazi, ila membamba mno. Mara nyingi tuta moja ni mzunguko mmoja wa mzigo, na upana wake ndio kasi ya ufa. Pengine nyuso mbili za ufa zimesagana na kuyafuta. Hapo msomaji mzuri huacha pengo katika hesabu yake. Kisha huyafuata matuta kinyumenyume, yakizidi kubanana, mpaka ufa ulipoanzia: mkwaruzo mdogo, au ukingo wa mshono wa kulehemu.